Mikono Mia Tatu, Ubao Mmoja

Msiba ulikuwa na watu wengi kiasi cha kukatwa migomba ya upande wa chini ili viti vipate nafasi, na katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyempa Subilaga mkono.

Asiyefika Kyambala hawezi kuuona uzito wa jambo hilo. Kule watu hawapungiani. Ukikutana na mtu unampa mkono wa kulia, yeye anaupokea kwa mikono yake miwili, mnainama kidogo, mnaulizana wa nyumbani mmoja mmoja mpaka waishe, ndipo mnaachiana. Msibani ndiyo zaidi. Kila anayeingia anaanza na wafiwa, halafu anazunguka uwanja mzima mkono kwa mkono, hata wapishi anawafuata jikoni na mikono yao yenye unga. Kumnyima mtu mkono msibani ni kumwambia, bila kufungua kinywa, kwamba aliyemo kwenye jeneza umemuua wewe.

Na ndivyo walivyokuwa wakimwambia. Aliyemo kwenye jeneza alikuwa Ngolile, dada yake, mtoto wa mama yake mkubwa. Subilaga ndiye aliyekuwa mjazaji pale zahanati: alikaa dirishani, watu wakaja na vikuku vyao mkononi, akavijaza dawa, vyumba saba kila kikuku, chumba cha presha, cha sukari, cha moyo, cha kifua na vinginevyo. Kazi ya kuchagua chumba na kipimo haikuwa yake. Hiyo ilikuwa ya Maktaba, sanduku la kijivu lililoning'inia mnarani juu ya zahanati. Kila siku saa sita mchana kikuku kiliiita Maktaba, kikauliza mvaaji wangu apewe nini leo, kikajibiwa, kikachoma. Ngolile alikuwa mtu wa presha. Jumatano kikuku chake kilimchoma dawa ya sukari, nyingi, na kabla jua halijazama alikuwa hatikisiki.

Kampuni, wenye vikuku na Maktaba yao, ilitoa tamko siku ya pili yake. Mjazaji alichanganya vyumba.

"Mtu wa darasa la saba," Subilaga alisikia sauti nyuma ya turubai asubuhi hiyo. "Mlimkabidhi mishipa ya watu, mlitegemea nini?"

Aliendelea kumenya ndizi. Aliweka rundo lake pembeni, akanyoosha mkono kuchukua sufuria.

"Subi, sufuria hizo ziache," alisema Mama Lugano, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke aliyemlea mgongoni. "Wewe nenda ukachote maji."

"Maji nimeshachota, Mama Lugano. Mapipa yote mawili yamejaa."

"Kachote mengine."

Wanawake waliinamia kazi zao. Subilaga alifuta mikono kwenye khanga, akakaa pale pale kwenye kigogo chake. Alikuwa mtu wa kutazama tangu utotoni. Shuleni walimwambia anazubaa, kumbe anahesabu. Basi akatazama. Akamwona Mama Mkubwa Tusekile kwenye mkeka mlangoni, macho yamevimba, mkono wake wa kulia ukipita kutoka kiganja hadi kiganja tangu alfajiri. Akamwona mhandisi wa Kampuni, Kalokola, shati jeupe la mikono mirefu, akizunguka kutoa pole kama mzaliwa wa pale, anainama, anashika kwa mikono miwili, hamruki mtu. Watu walimsifu. Mgeni, lakini ana adabu.

Saa tano kamili vikuku vililia.

Kila saa kikuku hulia mara moja, mlio mdogo kama mtu aliyegonga ulimi, kumjulisha mvaaji kwamba kiko hai. Pale zahanati Subilaga alikuwa ameuzoea mlio huo: watu arobaini kwenye benchi, milio arobaini, mmoja huku, miwili kule, kama mvua inayoanza juu ya bati. Leo haikuwa mvua. Uwanja mzima ulilia mara moja tu, mlio mmoja, mkubwa, kama kofi. Vifaranga walikimbilia chini ya kabati la vyombo. Watu walicheka kidogo kwa mshtuko, wakaendelea na maneno yao.

Halafu, kimya kimeshatulia, kikuku cha Subilaga kililia peke yake.

Alikitazama mkononi. Kisha akatazama mikono ya wengine, mikono iliyomkwepa asubuhi nzima, akainuka kwenye kigogo.

*

Kalokola alikuwa amekaa karibu na wazee wa kanisa, kwenye kiti kilichovalishwa kitambaa.

"Mhandisi, naomba tusogee pembeni."

"Dada Subilaga." Alisimama, kwa adabu. "Leo si siku yake. Tumpumzishe marehemu kwanza."

"Ukisubiri tumpumzishe huyu, kesho utarudi kutoa pole nyumba kumi."

Wazee wakageuka. Kalokola akaona afadhali amfuate. Walisimama nyuma ya rundo la kuni, mahali ambapo moshi wa jikoni ulikuwa ukipita ukiwawasha macho.

"Saa tano umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Uwanja mzima umelia mara moja."

Akatabasamu. "Hiyo ni sifa ya vikuku vyetu, dada. Vikigusana vinakubaliana saa. Havitaki kupishana."

"Najua vinakubaliana. Leo vimegusana vyote, kwa sababu watu wamesalimiana wote, isipokuwa mimi. Saa sita vitaiita Maktaba vyote kwa mara moja. Itakuwaje?"

"Maktaba inabeba miito elfu kumi kwa pamoja. Imepimwa."

"Imepimwa na vikuku gani?"

"Vikuku."

"Vya Tausi," alisema Subilaga.

Hapo ndipo Kalokola alipomtazama kwa mara ya kwanza.

Vikuku havikuwa vya aina moja, ingawa kwa nje vilifanana na vyote viliiita Maktaba kwa jina lilelile. Makao makuu walitumia Tausi. Wakubwa wa Kampuni walivaa Nungu. Kyambala ililetewa Kobe, mia tatu na kumi na mbili, kwenye makasha yaliyoandikwa majina ya miji mingine yakafutwa kwa rangi.

"Nikwambie kitu cha mashine ya kusaga," alisema Subilaga. "Mama yangu alikuwa nayo. Mdomo wa kutolea unga ni mmoja. Kila mwanamke alikuja na beseni lake, akalitega mwenyewe chini ya mdomo, akasagiwa, akaondoka na beseni lake. Hata waje wangapi, unga haukuchanganyika. Ila kulikuwa na beseni moja la mashine, la aliyesahau lake. Akisagiwa humo, akageuka kidogo kutafuta mfuko, mwenzake ameshamwagiwa juu yake. Aliyeleta mahindi anaondoka na unga wa muhogo. Na hajui mpaka apike."

"Sioni hilo linahusiana vipi na..."

"Unaona. Tausi anakuja na beseni lake. Anaiambia Maktaba, jibu langu liandike humu. Kobe haji na kitu. Maktaba inamwandikia jibu kwenye ubao wake yenyewe, ubao mmoja, halafu inamwambia njoo usome. Kabla hajasoma, mwingine ameshaita. Ubao unafutwa, linaandikwa jibu la huyo mwingine. Yule wa kwanza anafika, anasoma kipimo cha mwenzake, anachoma. Jumatano asubuhi Ngolile alimshika mkono Mzee Ambindwile akimpa pole ya ng'ombe wake. Mzee Ambindwile ni mtu wa sukari. Mimi sikuchanganya chumba chochote."

"Nani amekufundisha haya?"

"Ninyi. Kitabu chenu kiko kabatini zahanati, kilikuwa hakijafunguliwa hata nailoni. Mimi nilikifungua. Nimekisoma mara nne, maana mara tatu za kwanza sikukielewa. Na wiki tano nimekaa dirishani kusikiliza. Kila wawili waliokuja wameshikana, wakalia mlio mmoja saa sita, mmoja wao alirudi jioni anatapika au anatetemeka. Mara saba. Niliwaambia. Mkaniambia nijaze vyumba niache uhandisi. Halafu ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, kwa herufi za kutafuta kwa tochi, mmeandika wenyewe: kwa mfumo wa Kobe, mwito huu usiitwe na wawili kwa wakati mmoja. Mmeandika, mkafunga na nailoni, mkatuletea Kobe."

Kalokola alikohoa. Labda ni moshi.

"Kuhakikisha hilo ni wajibu wa mtumiaji," alisema. "Ndivyo mkataba ulivyo."

"Mtumiaji ni nani? Ngolile?"

Subilaga alinyoosha kidole kuelekea mnarani.

"Zima sanduku, basi."

"Nikilizima, wenye moyo na wenye sukari hawapati kitu leo. Mama yako mkubwa ni wa moyo. Robo saa ikipita bila dawa, tutamzika pamoja na binti yake. Unataka hivyo?"

"Tuvivue vikuku."

"Kimoja ni nusu saa, dada, wewe ndiye unayevivua. Sindano imelala ndani ya mshipa, inataka ilegezwe. Ukiing'oa tu, mtu anavuja damu. Utawang'olea watu mia tatu kabla ya saa sita?"

"Weka kufuli." Aliona jinsi neno lile lilivyomfikia. "Nalo limo kitabuni. Mlangoni pa Maktaba. Anaingia mmoja, anaandikiwa, anasoma, anatoka, ndipo mwingine anaingia. Sekunde mbili kila mtu. Dakika kumi wamekwisha."

Kalokola alitoa mfukoni kibao chake cha kioo cha kugusa, bapa, chembamba, akakishika kama mtu anayeshika karata asizotaka zionekane.

"Kufuli linataka sababu," alisema polepole. "Ziko tatu. Mvaaji amekiuka maelekezo. Hiyo inataka dole gumba la kila mvaaji. Hitilafu ya Maktaba. Hiyo inakwenda makao makuu, kamati inakaa Jumatano. Na ya mwisho, hitilafu ya mjazaji. Hiyo inataka dole gumba moja. Kufuli linafunga papo hapo."

"La kwangu."

"Maneno yameshaandikwa. Nilikuja nayo. Nilitaka nikupe baada ya maziko, kwa heshima."

Kwa heshima. Subilaga alilirudia neno lile moyoni, akahisi hasira ikipanda kutoka miguuni. Haikuja kwa kishindo. Ilikuja kama maji ya sufuria kubwa, polepole, lakini ukiyafikia huwezi kutia kidole.

"Wewe unaujua ukweli," alisema.

"Mimi nina wakubwa."

"Bonyeza hitilafu ya Maktaba. Wewe, kwa kidole chako."

"Jumatano, dada. Na leo ni Jumamosi." Aliangalia saa ya kibao. "Saa tano na nusu."

*

Alimwomba dakika tano, akakaa juu ya kuni na kibao mapajani.

Maneno yalikuwa machache. Mimi, mjazaji wa zahanati ya Kyambala, nakiri kwamba kwa uzembe wangu vyumba vya dawa vilichanganywa na kusababisha kifo. Chini yake duara la kidole.

Akiweka kidole, watu mia tatu watavuka saa sita. Na Kampuni itakuwa imepata ilichokitaka. Kuna miji arobaini yenye Kobe, na katika kila mji kuna msichana dirishani, anajaza vyumba, ana darasa saba au nane, anavumiliwa. Siku mtu atakapoanguka kule, wataleta karatasi yenye jina lake, Subilaga wa Kyambala, waseme mnaona, haya hutokea, wajazaji ndivyo walivyo. Ubao utaendelea kufutwa. Na wa kuzikwa watazikwa na uongo wake juu yao kama udongo wa ziada.

Asipoweka, ni saa sita.

Akatazama uwanjani. Mama Lugano alikuwa akigawa chai, anacheka na mtu. Wazo baya lilimjia, wala hakulifukuza haraka. Hawa ndio walioninyima mkono. Waache wasome ubao. Alikaa na wazo hilo, maana lilikuwa na ladha, na ladha yenyewe ilimtisha kuliko Kampuni. Mama Mkubwa alikuwa bado pale mlangoni, mkono wa kulia bado unapita kiganja hadi kiganja, kikuku kimelegea kwa jinsi alivyokonda siku tatu hizi. Hakuwa amegeuka kumtazama Subilaga tangu Jumatano.

Alisimama na kibao, lakini hakumrudishia Kalokola. Alipita katikati ya viti, akapanda juu ya kinu kilichofudikizwa karibu na jeneza.

"Wapendwa," alisema. "Naomba mnisikilize. Kampuni wameniletea maneno niyasaini, na nataka nisaini mkiwa mnanisikia. Nayasoma."

"Dada, hiyo ni siri ya Kampuni," Kalokola alisema kwa nyuma.

Akayasoma yote, mpaka kifo.

Kisha Mama Lugano, mikono kiunoni: "Kumbe anakiri."

"Nakiri, Mama Lugano. Kaa usikie vizuri ninachokikiri." Sasa alisema kwa sauti ya kufika mpaka jikoni. "Saa tano vikuku vyenu vimelia mlio mmoja. Mlicheka. Ni kwa sababu mmepeana mikono, na saa zenu zimekuwa moja. Saa sita vitaiita Maktaba vyote pamoja. Maktaba ina ubao mmoja. Wewe utasoma jibu la Mzee Ambindwile, na yeye atasoma la mtoto wa kifua. Hivyo ndivyo alivyokufa Ngolile. Mhandisi anaweza kuzuia. Anaweza kuweka kufuli, vikuku vyenu viite kimoja kimoja. Ila kufuli halifungi mpaka mimi nikubali kwamba nimemuua dada yangu."

Mtu mmoja upande wa wanaume aliguna.

"Basi nakubali. Lakini nawapa kipimo. Dawa zenu nilizijaza Jumatatu. Kama nilichanganya, nimeshachanganya, ziko humo mkononi mwenu, na kufuli la mnarani haliwezi kuzichambua. Mtaanguka. Kama hamtaanguka, jiulizeni kufuli limezuia nini."

Akaweka dole gumba kwenye duara. Kibao kikatetemeka kidogo. Juu ya mnara wa zahanati, ng'ambo ya migomba, taa ya Maktaba ikageuka kutoka bluu kuwa rangi ya chungwa.

*

Saa sita.

Hapakuwa na kofi. Kikuku cha mchungaji kilitangulia, tik, taa yake ikawaka kijani, ikazimika. Sekunde mbili. Cha mtoto aliyekuwa mapajani mwa bibi yake, tik. Sekunde mbili. Cha Mzee Ambindwile. Vingine vyote vilikuwa vikiwaka njano, mikono mia tatu ya njano, vikisubiri. Watu hawakuthubutu hata kukohoa. Mlio ulitembea uwanjani bila kufuata safu, ukaruka kutoka kwa wanaume kwenda jikoni, ukarudi kwenye mikeka, na kila ulipotua mtu alishusha pumzi, akamtazama jirani yake aliyekuwa bado.

Kikuku cha Mama Lugano kililia tik, akakishika kwa mkono mwingine, akangoja kufa. Hakufa. Akainua macho kwa Subilaga, akayashusha.

Subilaga alikuwa anahesabu. Themanini na nane. Themanini na tisa. Tisini.

Kisha hakuna.

Sekunde mbili zikapita, zikawa kumi, zikawa ishirini. Njano ilibaki njano. Minong'ono ikaanza kwenye mikeka. Subilaga hakuangalia mnara. Kule kusingekuwa na kitu cha kuona. Aliangalia mikono. Mwenye zamu huwaka kijani, na kijani ni kimoja tu kwa wakati mmoja. Akakitafuta safu kwa safu, bila haraka, kama mtu anayechambua mchele.

Kilikuwa kinapenya kwenye kitambaa cheupe. Mkono mrefu wa shati, kifungo kimefungwa.

Alishuka kwenye kinu. Watu walimpisha.

"Kunja shati," alimwambia Kalokola.

"Ni hitilafu ndogo, itajirekebisha."

"Dakika nzima imepita. Kunja shati."

Alikunja yeye mwenyewe, kwa nguvu, kifungo kikaruka. Kikuku kilikuwa chembamba kuliko Kobe, cheusi, kinang'aa, kijani chake hakitikisiki.

"Nungu," alisema Subilaga. "Waambie kinafanya nini."

"Dada..."

"Mama yangu mkubwa yuko nyuma yako kwenye foleni. Hivi sasa. Waambie."

Kalokola alimtazama Mama Mkubwa mlangoni. Wanawake wawili walikuwa wamemwegemeza. Taa yake ilikuwa imeanza kuelekea kwenye nyekundu, na mdomo wake umekauka, unavuta hewa kwa kuikosa. Alipoongea, Kalokola aliongea chini chini, lakini uwanja ulikuwa kimya kiasi kwamba ilitosha.

"Nungu ana kufuli lake ndani. Akiita Maktaba anaufunga mlango mwenyewe. Sasa nimeweka la nje, naye alipoingia amelishika la nje, halafu akataka afunge tena la ndani, na la ndani limeunganishwa na la nje. Anasubiri mlango ufunguliwe na aliyeufunga. Aliyeufunga ni yeye."

"Atasubiri mpaka lini?"

"Haachi."

"Na kwa nini Nungu aliwekewa kufuli?" Hakuongeza sauti. "Vikuku vya wakubwa. Nani aliona vinahitaji kufuli?"

Kalokola alifumba macho.

"Kwa sababu wakiita wawili, ubao unafutwa."

"Mmejua tangu lini?"

"Kabla ya makasha ya Kobe kuletwa hapa."

Mtu alianza kulia huko nyuma, kilio cha hasira, kisichokuwa cha msiba. Viti vilisogea. Wanaume wawili watatu walisimama, na Subilaga akaona kwamba akisema neno moja, lolote, hawa watu watafanya jambo ambalo Kampuni italiandikia tamko jingine. Hakulisema.

"Kikuku hiki ni cha nini?" alimwuliza Kalokola.

"Presha."

"Presha utavumilia. Keti." Alikwishachukua kisu cha kumenyea ndizi kutoka jikoni na kitambaa safi cha kufunikia vyombo. "Sina muda wa kulegeza."

"Itavuja damu."

"Ndiyo."

Alibana mkono wa Kalokola chini ya kwapa lake, akapenyeza ncha ya kisu kwenye bawaba, akavunja. Kisha akashika kikuku, akakivuta kwa mara moja, kwa mwelekeo ule ule sindano ilivyolala, kama alivyozivuta mamia dirishani, ila hizo zilikuwa zimelegezwa. Kalokola alitoa sauti kama ya mbuzi. Damu iliruka kwenye shati jeupe. Kijani kikafa.

Tik.

Kwenye mikeka. Sekunde mbili. Tik, jikoni. Tik. Subilaga alifunga kitambaa juu ya jeraha, akafunga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, huku shingo imegeukia mlangoni. Tik. Tik. Mia moja na nne, mia moja na tano. Hakuna aliyejua zamu ya nani ni ipi. Dakika tano na nusu. Dakika saba. Mwanamke mmoja aliyemwegemeza Mama Mkubwa alikuwa akisali kwa Kinyakyusa, maneno yaleyale, bila kituo.

Dakika ya tisa tik ilitoka mlangoni pa nyumba.

Mama Mkubwa Tusekile alivuta pumzi iliyosikika mpaka jikoni. Taa yake ikazimika kwa amani. Subilaga akajikuta amepiga magoti, mkono bado unamkandamiza Kalokola, na uso wake mwenyewe umelowa machozi, na hasira haikuwa imepungua hata tone. Alikuwa amedhani itapungua.

Foleni ilimalizika bila mtu kuanguka. Mia tatu na kumi na moja, bila cha Ngolile, pamoja na cha kwake, ambacho kiliita baadaye, peke yake, kama kawaida.

Alichukua kibao, akakiweka mbele ya Kalokola, juu ya magoti yake yenye damu.

"Bonyeza ya Maktaba."

"Nimekwambia, kamati mpaka Jumatano."

"Nitasubiri. Kusubiri najua. Bonyeza."

Alibonyeza. Kidole kiliacha alama nyekundu kwenye kioo. Alipotaka kukirudisha kibao mfukoni, Subilaga alikichukua, akakishika kifuani, na hakuna aliyemwambia akirudishe.

Ndipo watu walipoanza kumjia. Mama Lugano alitangulia, amenyoosha mkono wa kulia.

"Usinishike," alisema Subilaga. "Kobe bado ni Kobe. Na kufuli ni la leo tu."

Mama Lugano alibaki na mkono hewani. Nyuma yake wengine wakasimama na yao, hawajui waiweke wapi.

Mama Mkubwa aliinuka kwenye mkeka kwa kusaidiwa. Alikuja polepole mpaka mbele ya Subilaga. Aliuficha mkono wa kulia wenye kikuku mgongoni, akanyoosha wa kushoto, mkono ambao Kyambala humpi hata mtoto wa kuokota. Uwanja mzima uliona.

Subilaga aliutazama muda mrefu, kama anavyotazama kila kitu. Kisha akaupokea kwa mkono wake wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umeshika kibao, na hakuinama.